Neno Nililolipiga Marufuku Yadini

Watu wakisikia kwamba niliongoza tawi la kuuza magari pale Katesh kwa miaka kumi na moja, huniuliza swali lile lile, wakidhani wananisifia: "Wanaume walikutii kweli?" Walinitii. Nilihakikisha wananitii. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na marehemu mama yangu kule Nangwa alikuwa akisema hata kuku wa nyumbani walijua nimeamka vipi. Swali hilo halinisumbui. Linalonisumbua aliniuliza mtu mmoja tu, nami nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Nilianzia Arusha, makao makuu ya kampuni, nikipokea wageni mezani. Wiki ya pili mteja mmoja aliniuliza kama injini ya gari alilokuwa akilitazama ni ya mkanda au ya cheni. Nikamjibu kwa adabu zote za nyumbani, "Sijui, baba. Ngoja nikuulizie." Akageuka akauliza ukumbi mzima, "Kwani hapa hakuna mwanaume?" Wakacheka. Mkuu wangu wa wakati ule akatoka ofisini, akamjibu mteja, kisha akanigombeza pale pale mbele yake na kunituma nikalete chai. Nikaileta. Chai ilimwagika mpaka ikajaa kwenye kisahani, na mteja akaona.

Siku ile niliapa mambo mawili. Kwanza, sitasema tena "sijui" mbele ya mteja. Pili, nikija kuwa mkubwa wa mtu, sitamsahihisha mbele za watu hata akikosea vipi. Nitamsubiri tubaki wawili. Niliviona viapo hivi kuwa vizuri, na bado sijui nani angeniambia vinginevyo.

Magari nilijifunza kama mke mgeni anavyojifunza lugha ya wakwe, kwa kunyamaza na kusikiliza. Wenzangu walipokwenda kula mchana, mimi nilikuwa chini ya gari na mafundi, nimejifunga kitenge kilichojaa oili. Kampuni ilipotaka kufungua tawi Katesh, hakuna mwanaume aliyetaka kwenda kupigwa na upepo chini ya mlima. Wakanipa mimi, wakidhani wananiadhibu. Mimi niliona narudi nyumbani.

Yadi yetu ilikuwa ya uzio wa mabati, pikapu nyingi, magari madogo machache, na matrekta mawili yaliyowavuta watu waje kuangalia tu. Ofisi yangu ilikuwa na dirisha linalotazama yadini, nami sikulifunga hata vumbi lilipokuwa jingi. Nilitaka kusikia vijana wangu wanavyoongea na wateja. Walijua ninasikia, na nilipenda wajue.

Binti nitakayemsema alitoka Getanuwas, kwenye familia ya wafugaji. Aliletwa na baba yake, mzee mrefu wa mgolole na fimbo, amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Akanikabidhi kibuyu, kisha akasema, "Nimekuletea mtoto. Mimi najua ng'ombe. Haya mambo yenu ya magari siyajui. Huku wewe ndiye mama yake." Alilitamka lile "siyajui" bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Nililiona hilo. Nikafikiri, ndiyo, kwa mwanaume ni rahisi.

Yule binti alikuwa na sikio. Gari likiwashwa alikuwa anainamisha kichwa, kisha anakwambia ni plagi au ni mkanda, na mara nyingi alipatia. Nilimpenda haraka kuliko ilivyo kawaida yangu. Nilimfundisha kumwamkia mteja kabla ya kumtajia gari, kufungua boneti mwenyewe asisubiri fundi, na kuzungumza na mke wa mteja pia, maana safari ya kuja kununua mara nyingi imeamuliwa na mke. Nikamfundisha na yale mawili ya kiapo. "Neno 'sijui' nimelipiga marufuku hapa," nilimwambia. Akacheka. "Lakini mama, si wanasema kuuliza si ujinga?" Nikamjibu, "Kwa mwanaume si ujinga. Kwako wewe ni ujinga mpaka siku utakayostaafu." Tulicheka wote wawili. Nilijiona nina akili sana.

Mwaka wake wa pili akaja mzee wa Maretadu, mkulima wa mahindi na maharage, pamoja na mkewe. Alikuwa ameendesha gari moja la zamani la kukanyaga klachi tangu ujana wake, na sasa lilikuwa limekufa kabisa. Akaipenda pikapu nyeupe, ya oto, isiyo na klachi. Binti alimwamkia vizuri, akampa mama kiti, akafungua boneti. Mimi nilikuwa mezani kwangu, dirisha wazi, natabasamu.

"Sasa binti yangu," mzee akauliza, "mimi napeleka mzigo Babati, nashuka ule mlima wa Magara. Ile ya zamani nilikuwa napunguza gia huko juu kabla ya kuteremka. Hii nayo naifanyaje?"

Binti akaligusa boneti, akageuza macho kidogo kuelekea dirishani kwangu. Nilimwona.

"Hii haina shida, mzee," akasema. "Hii inajipanga yenyewe. Unaweka D tu, halafu unakanyaga breki polepole mpaka chini."

Haikuwa kweli. Hata gari la oto, ukishuka mlima mrefu na mzigo, unairudisha gia chini ili injini ilishike gari. Ukitegemea breki peke yake zinaungua. Nilijua. Hatua kumi zilinitosha kufika pale, au sauti moja tu kupitia dirishani. Lakini ningekuwa nimemsahihisha mbele ya mteja. Nikasema moyoni, nitamweleza mzee wakati wa kumkabidhi funguo.

Siku ya funguo mkuu wa kampuni alipiga simu kutoka Arusha kwamba yuko njiani na wageni. Tukapiga picha ya haraka, mzee wa kanisa aliyekuja nao akaomba juu ya boneti, mama akapanda mbele ameshika mkoba wake magotini. Nilikumbuka pikapu ilipokuwa imeshatoka getini. Nikajiambia, yule ni mtu mzima, ameendesha gari kabla sijazaliwa. Nikaenda kupanga viti vya wageni.

Baada ya mavuno walishuka Magara na magunia ya maharage. Mzee alisema baadaye kwamba alisikia harufu ya kuungua, akadhani kuna watu wanachoma majani bondeni. Kisha breki zikawa hazipo. Akaona afadhali augonge ukingo wa mlima kuliko kutumbukia bondeni. Yeye alitoka na michubuko. Mkewe alivunjika nyonga.

Nilikwenda kumwona yule mama hospitali. Alinikaribisha, akaniuliza habari za nyumbani, akanishukuru kwa kufunga safari. Halafu akamuuliza mwanawe aliyekuwa amekaa kando ya kitanda, msimu ujao nani atapalilia. Mwanawe akamrekebishia mto. Nilitazama shuka mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Mkuu akaja Katesh wiki iliyofuata. Mzee hakuwa amemlaumu mtu. Aliulizwa aliendeshaje, akasema aliendesha kama alivyoelekezwa na binti wa dukani. Tulikuwa watatu ofisini kwangu. Binti alisimama.

"Nani alikufundisha kumjibu mteja jambo usilolijua?" mkuu akamuuliza.

Binti akainamisha uso. Hakunitazama. Mkuu akanigeukia mimi. "Mama, huyu wewe ndiye umemlea kazini. Tabia hii ameitoa wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Miaka yote ile sikuwa nimelitamka mahali pa kazi, na likatoka bila kukwama. Binti aliinua uso kidogo, akauinamisha tena. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka alikwenda bombani, akaosha kikombe chake cha chai, akakigeuza juu ya meza ili kikauke, akachukua sweta lake.

Mimi nilisifiwa kwa kulishughulikia jambo lile kwa utulivu. Mwaka uliofuata nikapewa kazi ya kuzunguka matawi mengine kuwafundisha mabinti wanaoanza. Nilisimama mbele yao na suti yangu, wakaandika niliyoyasema kwenye madaftari. Kile kiapo cha "sijui" sikukifundisha tena, lakini pia sikuwaambia kwa nini. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya, kila nilipofungua kabati kuchukua kikombe, kwa sababu kile kibuyu cha baba wa binti kilikuwa kimekaa humo. Nilikiosha zamani. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na kila nilipofikiri nitie nini ndani yake niliona aibu.

Nilipostaafu nilikijaza asali nikaenda Getanuwas. Baba yake alikuwa mnadani. Binti nilimkuta kwenye mbauti ya kunyweshea ndama, ndoo mkononi, amekonda kidogo, usoni hana kinyongo ninachoweza kukielezea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniamkia vile vile kama alivyokuwa akiniamkia kila asubuhi yadini, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka kivulini. Akaendelea kumimina maji. Nilisimama kama mdeni, mimi ninayejua kuongea, mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile na mkuu," nikasema, "mbona hukumwambia ni mimi niliyekufundisha?"

"Ulitufundisha tusimsahihishe mtu mbele za watu, mama. Tumsubiri tubaki wawili." Akaweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Sasa tumebaki wawili. Kwa nini ulisema hujui?"

Hilo ndilo swali. Njia nzima kutoka Katesh nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, kuhusu kampuni, kuhusu umri wangu, kuhusu wanaume waliokuwa wakisubiri nianguke. Sikulitumia hata moja.

"Niliogopa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Ndama mmoja alimsukuma mguuni, akampapasa shingo.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Yule mzee aliponiuliza habari ya mlima, nilitaka nimwambie sijui, halafu nikuite uje umweleze. Neno lilikuwa hapa mdomoni, mama. Lakini dirisha lako lilikuwa wazi."