Kilio cha Kambale

Nilipokuwa mtoto, kila kitu kwetu Isimani kilikuwa kikavu isipokuwa mdomo wangu. Wenzetu wa Mufindi walikuwa na mito ya baridi na trauti wenye madoadoa, samaki wa kizungu. Sisi tulikuwa na lambo moja la kunyweshea ng'ombe, na ndani yake perege wembamba kama kandambili na kambale wenye masharubu ya mwalimu mkuu.

Bibi alikuwa na sheria moja kuhusu lambo lile. "Kambale akilia ukimtoa majini, mrudishe. Anamlilia mtu wa nyumbani kwako. Ukimla, umemla huyo mtu." Na kweli kambale hukoroma kidogo akitolewa. Watu wazima walikuwa wanatega sikio kwanza, wakiridhika kwamba ni kukoroma tu, wanamtia kapuni.

Mimi nilikuwa hodari wa kuiga sauti. Mbuzi, mgambo, mlevi akimwomba mkewe msamaha, wote walikaa kooni mwangu. Kiangazi kile nikaongeza kambale.

Mke wa jirani yetu, Baba Atu, alikuwa amejifungua na maziwa hayatoki. Kuku wameisha kwa ugonjwa wa mdondo, mahindi yameungua shambani. Mkunga akasema, mpeni supu ya samaki. Nilijua yote hayo. Kilio cha kile kichanga tulikisikia hadi uani kwetu, kila siku kikipungua. Basi asubuhi moja Baba Atu alikaa ukingoni na ndoano yake, na mimi na binamu yangu Tula tulikuwa nyuma ya matete na ndoo zetu.

Akavuta kambale mnene kama mkono wake. Nikabana pua, nikalia: "Ngweee!"

Baba Atu akaganda. Kisha akamrudisha yule samaki majini kwa mikono miwili, kama anayemlaza mtoto. Tula alijikojolea kwa kicheko.

"Na kesho tena," akaninong'oneza.

Nikalia na kesho. Siku ya tatu Baba Atu alimshikilia samaki wake muda mrefu, akamwambia kwa sauti kabisa, "We kambale, nakuomba. Leo nyamaza tu."

Ningeweza kunyamaza. Nikalia kwa mbwembwe zaidi.

Kichanga kilikufa Jumapili. Msibani Baba Atu alimshika Bibi mkono. "Mama, ulisema kweli. Wamenililia mara tatu, na bado sikuweza kumwokoa."

"Nilisema," Bibi akajibu, na heshima yake kijijini ikapanda. Tula alinitazama tu. Hatukucheka tena pamoja.

Leo nachekesha kwenye harusi, Mbeya mpaka Iringa, kwa sauti zile zile. Mbuzi ninaye, mlevi ninaye. Kambale sijamtoa. Nikimfikiria Bibi naona sheria yake ilitimia: kilio kilisikika, mtu akaondoka. Alikosea mliaji tu.

Mwaka jana, harusi moja ya Iringa mjini, mzee mmoja alinifuata akifuta machozi ya kicheko. Baba Atu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii Mungu alikupa tangu utoto! Mwaka ule wa msiba wetu sikucheka kabisa. Ungekuja nyumbani ukatulilia mbuzi wako, tungepona mapema."

"Asante, baba," nikasema. MC akaniita, nikarudi mbele za watu, nikalia kama mbuzi.