Mawe ya Warongo

Nikipita kwa mafundi wa kuchomelea mageti hapa Geita, harufu ya chuma cha moto hunirudisha kwa babu mzaa mama, kijijini, karibu na Buseresere. Ninaandika kwa sababu kusema mbele za watu siwezi. Nilijaribu mara moja tu.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alituagiza tulete neno la kazi ya zamani, nikamuuliza babu. Alifurahi mpaka akaacha kumenya mihogo. "Watu wanadhani Mrongo ni kabila," alisema. "Ni kazi, mjukuu wangu. Mzinza, Msumbwa, yeyote aliyeyeyusha mawe akapata chuma cha jembe, huyo ndiye Mrongo. Baba yangu alikuwa mmoja wao." Akanipa jiwe jeusi, zito, linalong'aa kama limelambwa: taka ya tanuru.

Darasani walinicheka. "Mrongo? Si useme tu mwongo!" Machozi yakanilenga. Nikalitoa lile jiwe, nikasema, tena kwa sauti, kwamba baba wa babu yangu aliyeyusha mawe na marundo yake bado yapo shambani. Masanja, ambaye baba yake alikuwa mchimbaji, akaligeuzageuza.

"Yako mengi?"

"Tele," nikamjibu kwa maringo.

Siku ya tatu shamba la babu lilijaa watu na sululu. Huku kwetu, ukisema mtu aliyeyusha mawe, watu wanasikia dhahabu tu.

"Shikamoo mzee. Mbona unatubania mali?"

"Marahaba. Hiyo ni taka ya chuma, wanangu. Dhahabu hapa haipo."

"Aaah, wazee wote ndivyo mnavyosema!"

Mihogo iling'olewa yote. Babu hakuililia. Aliomba sehemu moja tu, kando ya tanuru la zamani, alipozikwa baba yake. "Chimbeni kote, hapo mniachie." Mmoja akacheka, "Basi ndipo ilipofukiwa!" Wakaanzia hapo.

Hawakupata hata chembe. Walipoondoka, babu alishuka shimoni, akaokota mifupa mmoja mmoja, akaifunga kwenye shuka lake. Nikataka kumsaidia.

"Wewe kaa huko huko," akasema.

Hakuwahi kuniuliza ni nani aliyewaambia. Ila tangu siku ile, kila nilipomuuliza habari za zamani alinijibu, "Nimesahau." Nilidhani ni uzee, hata nikamwonea huruma. Alikufa mwaka jana, na sasa najua alikuwa anakumbuka kila kitu. Hakuniamini tena, basi.