Ng'ombe wa Mjane

Nilipoajiriwa wilayani Mkalama, mama yangu aliwatangazia majirani zetu wa Mandewa kwamba mwanawe amekuwa daktari. Jirani mmoja akaja na mjukuu anayekohoa. Nikamweleza kwamba mimi sitibu. Kazi yangu ni kufuatilia magonjwa, kujua nani kaugua, wapi, lini, na nini kinachowaunganisha wagonjwa. Jirani alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mama.

"Kwa hiyo hana dawa?"

"Bado anasoma," mama akajibu. Nilikuwa na shahada mbili.

Mwaka wa kwanza niliumaliza karibu wote katika ofisi mpya pale Nduguti, iliyokuwa bado inanuka rangi, nikipokea ripoti za zahanati. Wiki nyingi hazikuwa na la kusema. Nilianza kuamini kwamba mama alikuwa na haki ya kunionea aibu kidogo.

Kisha Jumatatu moja muuguzi wa zahanati ya mbali akanipigia simu. "Dada, nina watu watatu wenye vidonda mikononi. Vyeusi katikati, kama vimeungua. Halafu wanasema haviumi."

Nilisimama bila kujijua. Kidonda cheusi kisichouma nilikuwa nimekisoma darasani: kimeta, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu anayemchuna mnyama aliyekufa nao au kula nyama yake. Nilimwomba afisa mifugo wa wilaya twende pamoja, akanipakia kwenye pikipiki yake.

Mtendaji wa kijiji alituitishia mkutano. Nikasimama mbele ya watu na kuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shahada mbili, "Nani hapa amekula nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe?"

Mzee mmoja akanyanyuka taratibu. "Mwanangu, hapa kuna Waislamu na kuna Wakristo. Mizoga hatuli." Watu wakaitikia, wakaanza kutawanyika.

"Umewauliza swali la polisi," afisa mifugo aliniambia pembeni. Nilitamani ardhi inimeze.

Nililala kijijini, nyumbani kwa muuguzi. Asubuhi nilikaa na wale wagonjwa watatu, waliokuwa wameshaanza dawa. Sikutaja nyama. Nilimuuliza kila mmoja kwa wakati wake wiki iliyopita alikuwa na shughuli gani. Wa kwanza alisema alikwenda kumsaidia jirani kazi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alipoanza, nikamuuliza tu ni jirani gani. Akaniangalia, akaangalia mkono wake, akanielekeza.

Alikuwa mjane mwenye umri wa bibi yangu. Nilimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia ukoo wa mama yangu, akatikisa kichwa kuonyesha anaufahamu, akanisogezea kigoda. Nilivuta ungo mwingine nikapepeta naye. Sikuwa hodari, kuku walifaidi.

"Umekuja kunifunga?" akauliza bila kuniangalia.

"Hapana, bibi. Nimekuja kuwatafuta wanaohitaji dawa."

Ndipo akanieleza. Ng'ombe wake pekee wa maziwa aliamka mzima, saa nne akaanguka, damu ikamtoka puani. Majirani walimwonea huruma. Wakamchuna, wakagawana nyama, na kila nyumba ikamletea nafaka ili asibaki mikono mitupu. "Wamenisaidia," alisema. "Nikikutajia majina yao, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia ukweli: "Watatu walioko zahanati wanaendelea vizuri, bibi. Ninaowahofia ni wale wasiokuja."

Aliendelea kupepeta mpaka nafaka ya kwenye ungo ikaisha. Kisha akaukung'uta ungo, akajitanda kanga. "Majina sikupi. Twende."

Tulizunguka mchana kutwa, muuguzi na afisa mifugo nyuma yetu na boksi la vidonge. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, lakini bibi hakunipa nafasi. Kila mlango alitangulia yeye, akasalimu kwa Kinyiramba, kisha akasema mwenyewe: "Ile nyama yangu ilikuwa na ugonjwa. Nisameheni. Huyu mtoto ameleta dawa." Hakuna aliyekana. Wengine walichungulia jikoni wakatoa vipande walivyokuwa wamekausha, afisa mifugo akavikusanya ili vichomwe na kufukiwa.

Nyumba ya mwisho tulimkuta mama mmoja amelala, tumbo limemvimba, ana homa kali. Mumewe alidhani ni malaria. Tulimpigia simu dereva wa gari la wagonjwa, akafika kabla jua halijazama. Wiki nzima nilimuulizia kila asubuhi kwa simu ya mumewe, mpaka siku aliyoishika simu yeye mwenyewe akaniuliza kwa nini ninapiga sana.

Hakufa hata mtu mmoja. Afisa mifugo alichanja ng'ombe wa kijiji kizima, na baada ya mavuno majirani walimkabidhi mjane mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, amfuge kwa makubaliano kwamba ndama wa kwanza awe wake.

Miaka imepita, nimefuatilia kipindupindu, surua na mengine. Sasa ninawafundisha wanaoanza, nami huwaambia wasiitishe mkutano kabla hawajakaa uani kwa mtu.

Mwaka mmoja tu baada ya kimeta kile, mwenyekiti wa kitongoji cha yule mjane alinipigia: fahali amekufa malishoni, hakuna aliyemgusa. Tulikwenda mbio na afisa mifugo. Mzoga ulikuwa umezungushiwa matawi ya miiba, na pembeni, chini ya mwavuli, alikaa mjane yule na fimbo yake, anafukuza mbwa.

"Mmechelewa," alitufokea. "Nimeshinda hapa tangu asubuhi, hata uji sijanywa."