Ukuta Uliokunywa Maji

Wewe unayefunga mizigo kwenda kuishi kwenye mji usioujua, kaa kidogo nikueleze jambo. Si gumu. Mimi nilikaa miezi kadhaa bila kulijua. Wewe unaweza kuondoka nalo leo.

Mume wangu alipata kazi ya mwaka mmoja kwenye mashamba ya mpunga, Bujumbura, na mimi na binti yetu wa miaka mitano tukamfuata kutoka Morogoro. Tulipanga nyumba Buterere, kaskazini mwa mji, kwenye ardhi ya chini inayopakana na majaruba. Ilikuwa na vyumba viwili, plasta nzuri, rangi ya maziwa. Nje kulikuwa na ua wa matete na geti dogo la bati.

Niliogopa tangu siku ya kwanza, na hofu yenyewe haikuwa na jina. Niliogopa Kirundi nisichokielewa. Niliogopa hata Kiswahili chao, maana kilifanana na changu, halafu ghafla kinageuka Kifaransa katikati ya sentensi. Mume wangu alipokwenda mashamba ya mbali kwa siku kadhaa, aliniambia, "Usimfungulie mtu." Hakuwa na haja ya kuniambia. Getini nilikuwa na kufuli mbili. Nilifua ndani, nilipika ndani, na salamu za majirani nilizijibu nikiwa natembea.

Siku moja, yeye akiwa huko mbali, mvua kubwa ilianza mchana, mtoto akiwa amelala na homa ndogo. Maji yaliingia chini ya mlango taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nikapandisha unga na nguo mezani, nikapanda kitandani na mtoto, nikaegemea ukuta. Maji hayakufika hata ugoko. Nilijiambia, tukikaa ndani tuko salama.

Hapo geti likaanza kupigwa. Halikubishwa hodi, lilipigwa kwa ngumi.

"We! Mama Tanzania! Fungua!"

Nikamziba mtoto mdomo. Moyo ulinienda mbio hata nikadhani wa nje wanausikia. Niliwaza kwamba wameona mume wangu hayupo, wameona mvua imefukuza watu barabarani, wamekuja.

"Fungua! Toka na mutoto!"

Kwa nini anamtaka mtoto? Nilikusanya sauti, nikauliza, "Nani?"

"Ni mi! Jirani!"

"Jirani gani?"

"Mana yanje, Mungu wangu! Mvua inatupiga hapa, na we unauliza jirani gani!"

Sikutoka. Nilisogea zaidi ukutani, na mgongo wangu ukahisi ubaridi, kama nimeegemea nguo mbichi. Mtoto akautoa mkono wangu mdomoni mwake.

"Mama, ni bibi wa mandazi."

"Unamjua wapi?"

"Pale kwenye matete. Kila asubuhi ananipa kipande. Huwa nakula." Kisha akapaza sauti, "Bibi! Tunakuja!"

Nilimwangalia. Mwanangu alikuwa amekwisha kuhamia Buterere, mimi bado nilikuwa njiani. Nikambeba mgongoni, nikaingia majini, nikahangaika na kufuli hadi ufunguo mmoja ukaniponyoka, nikaupapasa kwenye tope. Geti lilipofunguka, nje alisimama mama wa makamo, mtandio umemgandia kichwani. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto kabla hata hatujasalimiana.

Alitupeleka kwenye tuta la barabara, watu wengine wa mtaa walikokuwa wamesimama na magodoro yao. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu. Nikaanza kushuka.

"Unaenda wapi?"

"Mvua inaisha. Nachukua pasi zetu za kusafiria na sufuria."

Akanikamata kanga. "Sufuria! Ukuta ikikuvunja mukono, utasonga ugali na nini? Kaa hapa. Mvua ikiisha ndiyo nyumba inaanza kuanguka. Ukuta imekunywa maji."

Nikueleze alichomaanisha, kwa sababu mimi nilikuwa sijui. Nyumba nyingi za pale ni za matofali mabichi, yaliyokaushwa juani bila kuchomwa. Yangu pia, ila plasta ilinificha jambo hilo. Tofali bichi likisimama kwenye maji hulowa pole pole kutoka chini, kama andazi ulilochovya kwenye chai. Unaliona zima bado, kumbe halina nguvu ya kubeba kilicho juu yake. Kwa hiyo kina cha maji hakikuambii kitu. Hatari huja baadaye, mtu anaporudi ndani kuokoa vyombo.

Tulisimama. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema yeye ni mtoto wa Bwiza, wa familia ya Waislamu wa zamani pale mjini. Alihamia huku alipofiwa na mume. Alikuwa bado anaongea, ukuta wa chumba chetu cha kulala ulipoanguka. Haukutoa kishindo nilichotarajia. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka, na kitanda kikapotea.

"Alhamdulillahi," akasema, akimpandisha mtoto vizuri kiunoni. "Imeanguka peke yake."

Nilikaa palepale kwenye tope la tuta.

Nisikudanganye kwamba hofu iliisha. Tulihamia chumba kilichopakana na chake, na hadi mwaka unakwisha, kila wingu lilipotanda nilikwenda kupapasa kuta kwa kiganja. Mara nyingi nilimkuta naye anapapasa za kwake. "Kavu?" anauliza. "Kavu," namjibu, na bado tunatazama juu wote wawili.

Basi ukifika huko uendako, kabla hujafungua mizigo, nenda kwa jirani wa karibu, msalimie, ukae naye hadi uijue sauti yake hata bila kumwona.