Nilimpelekea Mganga Picha ya Shingo ya Mwanangu

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia!

Binti yangu ana miaka minane. Aliugua koo, homa ikapoa, siku ya pili akaamka shingo imepinda upande, haigeuki. Wifi yangu, tuliyekuwa tukiishi naye hapa Ruangwa, akanihimiza: "Wifi, mpeleke hospitali leo leo." Kimuhemuhe cha nini, nikajiuliza. Yeye hana mtoto, amejuaje kama hili ni kubwa?

Nikaenda naye hospitali ya Nachingwea, akapigwa eksirei. Daktari akasema viungo vya juu vya shingo havijaonekana vizuri kwa sababu kichwa kimekaa upande. Akaandika rufaa, akapigwe siti skani, tena kichwa kikigeuzwa kulia kisha kushoto. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Picha ya kwanza imewashinda, ya pili ya nini? Wamgeuzegeuze ili iweje? Hawa wanajifunzia kwa mwanangu!

Rufaa nikaificha kwenye gunia la ufuta. Nyumbani nikadanganya kuwa picha imetoka safi. Wifi akaniangalia tu. Na kule kuniangalia nako nikakutilia shaka!

Nikaibeba ile picha, mtoto nikamshika mkono, mpaka Nambilanje kwa mganga. Akaiinua juani, akaweka kidole kwenye kivuli chini ya taya. "Unauona mkono huu? Wa mwanamke wa ukweni kwako."

Jamani, niliuona! Wallahi niliuona mpaka vidole! Kisha akamshika mtoto kichwa, akavuta. Ule ukelele bado nausikia.

Niliporudi nikamfukuza wifi kwa matusi, majirani wakitazama. Miezi mitatu baadaye mume wangu akaikuta rufaa alipokuwa anahamisha ufuta. Ndipo siti skani ikapigwa. Kiungo kilikuwa kimehama, na kwa kuchelewa kimekaza. Angewahi, alisema daktari, kingerudi kwa matibabu ya kitandani tu, bila kisu. Sasa tunangoja upasuaji, na hawaahidi kuwa atageuza shingo kama zamani. Wifi hapokei simu zangu.

Binti nikimwita, anageuka mwili mzima. Nikitaka kumsuka, anaikinga shingo kwanza kwa mikono: "Mama, hunivuti?"

Wazazi wenzangu, picha ya hospitali aisome aliyeisomea. Ukiwa na shaka, muulize daktari palepale, hata mara kumi, hata akikasirika. Mimi sikumuuliza hata mara moja.