Jiwe la Japani limenipasukia kwa beseni

Marafiki, saa nane naenda intavyu ya kazi ya mpishi, tumeambiwa kila mtu aje na kisu, na changu hakikati hata nyanya.

Asubuhi nilikimbia Kawangware kwa mama anayeuza vyombo vya mitumba. Alikuwa na mawe mawili ya kunoa kutoka Japani, ya asili, yaliyochimbwa mlimani.

Moja la kijivu, baya kuangalia. Lingine la manjano, laini kama sabuni.

"Beba la kijivu," akaniambia. "Hilo lingine lina nyufa."

Nikadhani ananifichia zuri. Nikabeba la manjano.

Kufika nyumbani Gatwekera nikalitumbukiza kwa beseni la maji, vile tunafanyia mawe ya dukani, nikaenda kuoga.

Nimerudi, maji yameingia kwa nyufa, limeachana tabaka tabaka kama chapati!

Nililia, siwadanganyi. Nikampigia yule mama, nikingoja anicheke.

"Wacha kulia," akasema. "Chukua kipande kinene, kilaze juu ya kitambaa chenye maji, unoe polepole."

Nimenoa hadi vidole vimekufa ganzi. Nyanya ya kwanza imepondeka. Ya pili imepondeka. Ya tatu imekatika, lakini kwa shida.

Muda umeisha. Natoka hivyo hivyo.

Kuna mtu hapa karibu ako na kisu kikali cha kuniazima? Nijibuni haraka, niko mlangoni.