Barafu Iliyorudi Bila Mtu

Mimi nimetolewa kimaisha na barafu. Shule niliishia darasa la nne, sioni haya kulisema. Wenzangu waliofika kidato cha sita leo wakinikuta barabarani wananiita bosi, nami naitika. Nilianza kwa kubeba mabonge ya barafu begani pale mwaloni Igogo, Mwanza, mitumbwi inaposhushia samaki, gunia linadondosha maji mpaka mgongo unaingia ganzi. Leo mashine ya barafu ni yangu, stoo ni yangu, na ile nyumba ya ghorofa iliyokalia jiwe juu ya mwalo ni yangu. Ukimkuta sangara anauzwa Usagara na macho yake bado yanang'aa, ujue alilalia barafu yangu.

Hata katika ulevi sikuwa mtu wa nyuma. Sikujificha vibandani na gongo. Nilikunywa pombe kali za dukani, kwenye bilauri nene, na barafu nilikwenda nayo mwenyewe, maana ya kwao sikuiamini. Siku niliyotapika damu mbele ya wateja wangu, wengi walicheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, mvuvi wa Ukerewe, mtu wa maneno machache utadhani mdomo ameuazima. Alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, ambako kila Jumamosi wanakutana watu walioacha pombe na wanaotaka kuacha. Mimi nikiwa ndani, yeye alikaa nje juu ya jiwe, anashona nyavu, ananingoja. Jumamosi nyingi alingoja hivyo. Nikaacha. Na kuacha kwenyewe niliacha kiume: bilauri zote nilizipasua kwenye jiwe lile lile.

Huyo ndiye aliyepotea ziwani.

Aliondoka asubuhi na barafu yangu kwenye mtumbwi. Ziwa lilikuwa limetulia, halina hata kiwimbi. Kesho yake wavuvi wenzake wakauvuta mtumbwi wake mpaka mwaloni. Ndani ulikuwa mkavu. Nyavu zilikuwa zimekunjwa vizuri. Kandambili zake zilikuwa zimepangwa pamoja, kama za mtu aliyezivua mlangoni akaingia ndani. Nikafunua gunia, nikapangusa pumba za mpunga tunazofukia barafu. Barafu ilikuwa kama nilivyoikata jana yake, kona zake bado kali. Mimi nimeishi na barafu, najua jua la ziwani linaifanya nini. Ile haikuwa imepungua. Hakuna aliyeweza kunieleza, na mimi nimeacha kuuliza.

Mdogo wangu aliingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa mtumbwi, akavunja kipande cha barafu ile, akakitia mdomoni. Mwalo mzima tukamsikia akitafuna.

Mwili haukupatikana. Tulitafuta mpaka tukachoka, ndipo nikaweka msiba. Nasema kweli, Igogo hawajaona msiba kama ule. Maturubai yalishuka mpaka barabarani, kwaya zilikuwa mbili zinapokezana, na ng'ombe sikuhesabu. Mama yake shemeji alikuja kwa meli kutoka Nansio, huko Ukerewe. Siku ya mwisho akaniita pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefanya msiba mkubwa, baba. Kaburi liko wapi?"

"Kaburi la nini, mama, na mwili hatuna?"

"Kwetu, mtu akibaki majini tunamzikia mgomba. Mgomba unakatwa, unavikwa nguo zake, yeye anaitwa kwa jina lake, halafu unalazwa chini. Mkewe anaambiwa, sasa kula. Bila hivyo huyu mtoto hajui kama ni mke au ni mjane."

"Hayo ni ya zamani, mama. Mchungaji amekuja, tumeomba. Yamekwisha."

"Umelisha mji mzima," akasema. "Haya." Akapanda meli akarudi kwake.

Nikamchukua mdogo wangu akae kwangu, nikampa chumba cha juu chenye dirisha la ziwani. Jikoni alishika yeye. Chakula kikiiva alipakulia watu wote, kisha akapakua sahani mbili na kwenda nazo nje, kule kwenye mawe, peke yake. Sahani zilirudi tupu, zinang'aa. Mke wangu akasema, mwache, ana majonzi. Lakini nguo zikaanza kumning'inia kama zimetundikwa kwenye msumari. Pete ya ndoa akaifunga na uzi isidondoke. Mikononi akaota vinyweleo laini, vyeupe, kama vya kifaranga. Na mchana, nyumba ikitulia, tukawa tunasikia kutoka juu: kr, kr, kr. Ukipanda ngazi, inanyamaza. Ukishuka, inaanza tena.

Mke wangu akawa hakai sebuleni bila Biblia mapajani. Mimi sauti ile ilinitisha kwa namna yangu. Ilikuwa sauti ya barafu ndani ya bilauri. Nilikuwa naisikia nikiwa stoo, nikiwa mwaloni, hata mahali ambapo mdogo wangu hayupo, na kila nikiisikia mdomo unajaa mate. Na aliyekuwa akiningoja juu ya jiwe hayupo.

Siku moja saa saba mchana nikamfuata. Jua lilikuwa limeunguza mawe, hakuna upepo, magugu maji yamelala kama mkeka mpaka mbali. Juu ya jiwe la mwisho alisimama korongo, wale wa mwaloni wenye vipara na mfuko wa ngozi shingoni. Tunaishi nao, hakuna anayewaangalia mara mbili. Lakini huyu alikuwa anangoja. Mdogo wangu akamwekea sahani ya kwanza. Ndege akala taratibu, akapangusa mdomo kwenye jiwe upande huu na upande huu. Akamsogezea ya pili. Yeye mwenyewe alikuwa na kikombe cha barafu, anatafuna huku akizungumza, sauti ya kawaida kabisa ya mke anayempa mumewe habari za nyumbani.

"Leo kaka ameuza sana. Paa la jikoni linavuja, hajalitazama. Zile nyavu zako nimezianika."

Korongo akainamisha kichwa.

Nikaokota jiwe dogo. Bila kugeuka mdogo wangu akasema, "Kaka, usimfukuze. Anapeleka."

"Anapeleka wapi?"

"Kwa mwenye chakula."

Mimi ni mtu wa vitendo. Kesho yake nikajaza meza: kuku, sato wa kukaanga, pilau, ndizi, maziwa mtindi. Nikamwambia, chagua. Akavitazama kama mtu anayetazama vitu vya dukani asivyovihitaji. Samaki alimgeuza uso utazame upande wa pili. Keshokutwa yake nikafunga stoo kwa kufuli, nikasema barafu ikikosekana atakula. Adhuhuri nikaitwa mwaloni. Alikuwa amechuchumaa katikati ya makreti, anachokonoa barafu chini ya samaki wa watu, ina damu na magamba, anatafuna.

"Bosi," mama mmoja mchuuzi akaniambia, "mdogo wako unamlipa mshahara wa barafu?"

Wenzake walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu alianguka. Nilimbeba mimi mwenyewe. Nimebeba mizigo tangu utoto, najua uzito. Yule alikuwa gunia lililokwisha kumwagwa.

Hospitalini wakatuambia damu imekwisha, na mtu aliyekwishiwa damu huweza kutamani barafu, au udongo, kuliko chakula. Wakasema moyo umechoka, asipokula hautaendelea. Wakamtundikia chupa, wakampa vidonge. Nikatoka kupunga upepo, na miguu ikanipeleka yenyewe mpaka kwenye baa iliyo mtaa wa pili. Nikaketi. Nikaagiza. Bilauri ikaja na barafu ndani, na nilipoimiminia pombe, barafu ikapasuka: kr. Mchana mweupe, baa tupu, na mimi nikageuka kutazama nani amekaa nyuma yangu.

Hapakuwa na mtu. Nikaiacha pale imejaa, nikarudi wodini mbiombio.

Pale hospitali kulikuwa na mshauri nasaha, mama mmoja mtu mzima, nikamsimulia yote. Akaniambia, "Usimfungie vitu, usimbembeleze, na meza zako hizo acha. Akila, wewe kaa naye. Saa ile ile, kila siku."

"Mama, mimi nina shughuli nyingi."

"Ulisema uliacha pombe. Uliachaje?"

Nikataka kumweleza habari za nguvu zangu na bilauri nilizopasua. Nikajikuta nasema, "Kuna mtu alikuwa ananingoja nje."

"Basi," akasema.

Nikaenda kukaa na mdogo wangu. Niliketi kwenye kiti kile kigumu na bakuli la uji, kimya, kazi ambayo mimi sijazoea.

"Kaka, nikila mimi, yeye atakula nini?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo yule mama wa Nansio alikwisha kuniambia pembeni ya umati wangu wote. Nikampigia simu. "Mama, ule mgomba."

"Upo," akasema. "Nilijua utapiga. Mlete."

Walipomruhusu kutoka, tukapanda meli ya Nansio. Alikataa kuondoka bila bonge la barafu, na safari hii sikubishana, nikalifunga kwenye sanduku pamoja na pumba. Huko wanaume walikwisha kukata mgomba, wameuvika shati la shemeji la Jumapili na suruali yake. Wakaupeleka mpaka ufukweni. Mama yake akaingia majini mpaka kiunoni, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akangoja. Akaita tena. Mara ya tatu alipoita, ziwa likiwa limelala vile vile bila upepo, wimbi moja likaja, likapanda mchangani, likaulowesha mgomba wote, likarudi. Halikufuatiwa na jingine.

"Mchukueni," mama akasema.

Mgomba ule watu wawili wangeubeba wakipiga soga. Waliuinua wanne, mishipa ya shingo ikawatoka, na kabla ya kufika shambani wakalazimika kupokezana. Mimi nilishika upande wa miguu. Nimekwambia najua uzito.

"Kanywa maji mengi huyu," mmoja akasema kwa sauti ndogo.

Kaburini mdogo wangu akafungua sanduku mwenyewe. Akalitoa bonge, akaliweka juu ya shati, kifuani. "Hii ni yako," akasema. "Mimi nimeibeba vya kutosha." Tukafukia.

Mama mkwe wake akaja na bakuli la uji wa ulezi, akapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, sasa kula." Mdogo wangu akaushika mdomoni muda mrefu. Akameza. Akatapika. Yule mama akachota tena. Huo ukabaki.

Nisikudanganye kwamba alirudi Mwanza anakula ugali. Vidonge alimeza miezi, na mara mbili alirudishwa wodini. Mshauri bado anamwona. Jumamosi nampeleka kwenye kile chumba nyuma ya kanisa, na mwanzoni walevi wastaafu hawakujua wamweke fungu gani. Mzee mmoja, aliyemaliza mashamba mawili kwa gongo, akasema, "Binti, sisi ilikuwa kila kitu kinaingia. Wewe hakiingii kitu. Tungekutana mapema tungegawana." Mdogo wangu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mtumbwi ule. Sasa anaongea kuliko sisi sote, na juzi alikuja msichana mwembamba aliyeletwa na shangazi yake. Mdogo wangu alitoka akakaa naye nje, juu ya jiwe.

Nami saa saba mchana shughuli zote naziacha. Wafanyakazi wanajua, hata mteja awe mkubwa namna gani atangoja. Tunakaa mezani wawili, yeye na sahani yake, mimi na chai yangu. Ziko siku anasukuma sahani, nabaki nimekaa tu. Ziko siku ni mimi, miguu inataka kwenda baa, na yeye anaona kabla sijasema. "Kaka, chai inapoa." Barafu nimeipa wilaya nzima, lakini mtu ajitokeze aniambie nani mwingine Igogo anajua kukaa kama mimi.

Korongo bado anakuja kusimama kwenye jiwe la mwisho. Hapewi kitu, ila anakuja.

Jana tulikuwa mezani, nyumba imetulia, nikasikia: kr. Kisha tena, kr, kr, kutoka upande wa stoo. Nikatazama mdomo wake. Ulikuwa umejaa ndizi. Nikaweka kikombe chini.

"Umesikia?"

Akatafuna, akameza, hakuharakisha. "Joto hilo. Inapasuka yenyewe."

"Stoo imefungwa. Joto linaingiaje?"

Akatazama dirishani, kule kwenye mawe, kisha akatazama sahani yake, ilikuwa imebaki nusu.

"Mwache naye ale," akasema, akachukua tonge jingine. "Kaa tumalize kula."

Nikakaa.